Mali ya Serikali

Ukitaka kujua Nakuru ina wataalamu wangapi, tembea na kisu kilichoshika kutu. Kisu kizima hakiulizwi swali. Lakini toa mfukoni kisu cha kukunja ambacho hakikunjuki, na mtu aliyekuwa akikimbilia kazini atasimama akueleze kilikotoka.

Changu nilikipata kwa mchuuzi mmoja wa Bondeni anayetandaza bidhaa juu ya gunia: rimoti za televisheni zilizokufa, kufuli zisizo na funguo, spana moja moja. "Hiyo ni Okapi original, mkubwa," akaniambia. Wapi! Okapi zilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, zikilenga soko la Afrika, na siku hizi hutoka Afrika Kusini. Mpini wake ni wa mbao uliopambwa mwezi na nyota, na nyuma una pete ya kuvuta unapotaka kukikunja. Hiki kilikuwa kizito, mpini mweusi wenye vijimraba vya kuzuia kuteleza, na mgongoni kimelaza chuma kinene chenye ncha. Nikamweleza yote hayo. Akakigeuza, akakitazama. "Basi hii ni Okapi ya kike," akasema, na bei haikushuka.

Fundi wa baiskeli akasema ni cha kuhasia ng'ombe. Jirani yangu akaapa kwamba ni cha Lord Egerton. Huku kwetu kitu chochote kikuukuu kisichoeleweka hutwikwa Lord Egerton, yule wa kasri la Njoro. Nimeonyeshwa sufuria yake, koti lake na nusu ya tandiko la farasi wake, katika nyumba tofauti, na kila mwenye nyumba alikuwa tayari kuuza.

Nilikilaza kisu kwenye mafuta ya taa usiku kucha, na asubuhi kikakunjuka kwa kilio. Fundi wa kuchomelea mageti, kwa roho safi kabisa, akawasha grainda. Nikamnyang'anya. Chuma cha namna hii kikipata moto wa grainda hugeuka rangi ya buluu, na ukishaiona buluu hiyo ujue ugumu umekwenda zake. Utakinoa asubuhi, jioni kitashindwa na nyanya. Kunoa niliwaachia wazee wa jiwe la maji, wanaonoa taratibu huku wakikusimulia habari za ugomvi wa shamba.

Kwa kung'arisha, rafiki anayefanya kazi Gilgil aliniletea unga wa diatomaiti kutoka machimbo ya Kariandusi. Ni mabaki ya vijimea visivyoonekana kwa macho, vilivyolala chini ya ziwa la kale, na unga wake laini hukwangua uchafu wa chuma bila kukichuna. Una sifa moja mbaya: ni mweupe, na mimi niliuhifadhi kwenye mkebe wa Kimbo, kama kila mtu anavyohifadhi kila kitu. Shemeji alikuja kututembelea, akataka kutupikia chapati, unga wa ngano ukampungukia. Akaongezea. Donge likakataa kushikana. Akalilazimisha. Chapati zilitoka nyeupe, za kuvutia, na kwa heshima tulitafuna moja moja huku meno yakilia meza nzima. Baba mkwe alimaliza yake na kuomba maji. Hajawahi kuizungumzia.

Hapo hapo Kariandusi, Louis Leakey alianza kufukua shoka za mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Nyingine ni za obsidiani, kile kioo cheusi cha volkeno, chenye makali yanayozidi ya wembe. Watu walizichonga mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na kwa uungwana wao hawakuandika kiwanda wala kudai mtu yeyote akisie.

Kutu ya kisu ilipotoka, maandishi yakajitokeza: Sheffield, kisha 194, tarakimu ya mwisho imeliwa. Juu yake mshale mdogo unaoelekea juu. Aliyenisomea mshale huo alikuwa askari wa lango la ofisi fulani mjini, mstaafu wa kambi ya Lanet, aliyenikagua mifuko na kukitwaa. "Hii ni alama ya serikali ya Uingereza," akasema. "Babu yangu wa jeshi la KAR alirudi na kama hii kutoka Burma. Hapa unafungulia mikebe ya nyama, hii ncha ni ya kufungua mafundo ya kamba. Ni mali ya serikali, mkubwa. Itabaki hapa mpaka utoke." Nilipotoka, mali ya serikali ilikuwa imemenya machungwa ya walinzi wote, na ubavu wake umeshika weusi, maana chuma cha kaboni hakipatani na ndimu wala chungwa.

Wapo wanaonishauri nikirudishe kwa wenyewe. Sina neno. Waje tu na hesabu ya mashamba, kuanzia Naivasha hadi Molo, tuketi mezani.

Kwa sasa kiko Mau Narok kwa shangazi, msimu wa viazi. Sheria inasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Broka hulipia gunia, halipii mlima ulio juu yake, kwa hiyo hataki kusikia habari za kilo. Alikuja na wavu wake wa lumbesa, akasimama. Shangazi akanuna, akakunjua ile ncha ya kufungulia mafundo, akaanza kutoboa mdomo wa gunia na kupitisha kamba.

"Mwanangu, hiki kitu kimetengenezwa na mtu mwenye akili."

Nikamwonyesha mshale, nikamwambia ni mali ya serikali, na serikali ndiyo iliyopiga marufuku anachoshona.

Broka akainama kuutazama vizuri. Akauliza kama hiyo serikali inauza vingine.