Mtembeze Shemeji Ujue Bei ya Ugali

Hivi nyie mgeni wa mkoani akija mnampeleka wapi? Nauliza kwa nia njema. Mimi kaniangukia shemeji, kaka yake mama watoto, kutoka Kongwa. Kaja na treni ya umeme, Dodoma mpaka Dar, kashuka na koti la suti kwenye joto hili. Anataka kula wanapokula watu. Anataka bahari. Anataka kupita Daraja la Tanzanite kwa miguu. Mama watoto kaniangalia jicho lile. Nikakopa kwenye simu.

Nikaanzia Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Kiingilio cha wenyeji hakiumizi, na humo ndani wamejenga nyumba za asili za makabila. Nikajiona mjanja. Shemeji kapita kwenye msonge wa Wahaya, kaguna tu. Kufika kwenye tembe ya Wagogo, kasimama. Kavua koti.

"Shem, nimepanda treni yote ile unilete kwa bibi?"

Akaanza kukagua. Udongo wa paa anaujua yeye. Mbuzi wanalala wapi anajua yeye. Wazungu wawili wakamsogelea wakidhani ndiye mtembeza wageni. Wakampa na bakshishi. Mimi niliyelipa kiingilio, patupu.

Haya, Masaki. Bajaji hiyo. Mlangoni mwa mgahawa baunsa kaangalia suti, karibu mzee. Kaangalia ndala zangu. Madereva wanasubiri kule nyuma, bosi. Shemeji kajibu, "Yuko na mimi." Nikaingia kwa udhamini.

Menyu hakuna. Mezani kuna kibao cha vimiraba vyeusi. Dada wa watu anasema, skani hapo kaka. Simu yangu kitochi. Nikawasha tochi, nikakimulika vizuri tu. Hakuna kitu. Dada kanipa simu yake, kwa huruma ile ya kumvusha kipofu barabara.

Shemeji kaagiza nyama. Dada anauliza iiveje. Nikamjibia, iive, kwani wengine mnawaletea mbichi? Meza ya jirani wakacheka. Kumbe kweli kuna watu wanalipia nyama yenye damu! Huku kwetu Mbagala mama ntilie akileta hiyo, anarudishiwa sahani na matusi.

Nyama ikaja, imejikalia peke yake katikati ya sahani pana. Shemeji anauliza ugali uko nyuma unakuja? Ukaja. Kipande cha kutia mfukoni. Shilingi 12,000. Mimi nilikuwa na maji, nayanywa kwa adabu, nikijua ndiyo ya bure. Hayakuwa ya bure.

Halafu bili. Chini kabisa, maandishi ya sisimizi: bei hazijumuishi VAT. Asilimia 18! Miaka yote najua VAT ni ugomvi wa TRA na wenye maduka Kariakoo. Kumbe na sisi wala ugali tumo.

Nauli ikazikwa pale. Tukaenda Coco kwa miguu. Jumapili jioni, unapajua, dunia nzima iko mchangani. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, pilipili ya kutoa kamasi, mishkaki inapepewa. Shemeji kavua viatu. Kafuta sahani ya mihogo, kaongeza nyingine, kashushia dafu. Kalipa yeye, kwa bakshishi ya wazungu. Kisha kampigia dada yake, spika wazi: "Mumeo kaishiwa, lakini usimseme."

Kasemwa.

Na daraja tulilipita. Lile lililofunguliwa 2022, zaidi ya kilomita moja juu ya maji. Katikati ndala ikakatika mkanda. Shemeji anataka picha, mimi naburuza mguu. Picha zote katoka yeye na nguzo. Mimi ndiye mpiga picha.

Sasa kasema Pasaka anarudi, na mkewe, na watoto. Anayejua mgahawa Masaki unaouza ugali kwa bei ya ugali anistue mapema. Na aniulizie kama ndala zinaruhusiwa.