Kosa la Mchezaji wa Kumi

Alhamisi usiku shemeji alinipigia simu kunishukuru kwa kutokwenda uwanjani. Haikuwa pole ya kukosa mechi, wala "tulikukumbuka". Ilikuwa shukrani kamili, kwa ile sauti ya mwenyekiti wa kamati ya harusi anapomshukuru mchangiaji aliyetoa ng'ombe. White Sox walikuwa wamefungua msimu wa 2025 kwa kuwachapa Angels 8 kwa 1, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakipiga vigelegele.

"Wote hapa wanakusalimia, shemeji. Wanasema umeonyesha uzalendo."

Nilikuwa nyumbani nakunja nguo. Huo ndio uzalendo wenyewe.

Kisa chote kilianza Alhamisi nyingine, tarehe 28 Machi 2024, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa Alhamisi Kuu. Mke wangu aliliona hilo mapema. "Wenzako wanakwenda kuoshwa miguu, wewe unakwenda kutazama watu wazima wanapiga mpira kwa rungu." Sikumjibu, maana kaka yake alishaanza kupiga honi nje.

White Sox ni timu ya besiboli ya upande wa kusini wa Chicago. Msimu uliotangulia ilipoteza mechi 101. Wiki mbili tu kabla ya msimu mpya kuanza, ikamtoa mrushaji wake nyota, Dylan Cease, kwenda San Diego, ikapewa vijana. Wakati ule uwanja wake ulikuwa na jina la kampuni ya mikopo ya nyumba, na nembo ya kampuni hiyo, iliyobandikwa juu ili kila mtu aione, ilikuwa mshale mwekundu unaoelekea chini. Nayataja haya ili ieleweke kwamba dalili zilikuwepo kabla mimi sijakata tiketi.

Tulikaa juu, kwenye baridi ya Machi inayopenya mpaka kwenye soksi: mimi, shemeji, wenzake wa kazini, na mwisho wa mstari mzee mmoja mwenye kipande cha penseli sikioni. Huyo mzee ndiye aliyeniponza, au tuseme kitabu chake ndicho kilichoniponza, na lazima nikieleze vizuri kwa sababu hadi leo, pamoja na yote yaliyonipata, sijaacha kukistaajabia.

Besiboli haitazamwi tu. Huandikwa. Mzee ana karatasi iliyojaa visanduku. Kila mpigaji ana mstari wake, kila zamu ina safu yake, na ndani ya kila kisanduku kuna umbo dogo la almasi lenye besi zake. Wachezaji walioko uwanjani hawaandikwi kwa majina bali kwa namba za nafasi zao. Mrushaji ni 1. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2. Wa besi ya kwanza ni 3, wa ya pili 4, wa ya tatu 5, na yule anayerandaranda kati ya besi ya pili na ya tatu ni 6. Watatu wa mbali kwenye nyasi ni 7, 8 na 9. Sasa mpira ukipigwa chini, 6 akauokota akamtupia 4, naye 4 akaupeleka kwa 3, mzee haandiki insha. Anaandika 6-4-3, na tayari wapinzani wawili wametoka. Mjukuu wake akiikuta karatasi hiyo kwenye sanduku miaka hamsini baadaye, ataicheza mechi nzima kichwani, mpigaji kwa mpigaji.

Mpigaji akitolewa kwa straiki tatu anaandikiwa K. Lakini kama ile straiki ya tatu hakujaribu hata kuipiga, alisimama tu akaisindikiza kwa macho, K yake huandikwa kinyumenyume, ili aibu yake isije ikachanganywa na ya mwenzake aliyejaribu. Sehemu kubwa ya uandishi huu ilianzishwa na Henry Chadwick, mwandishi wa habari wa New York, mzaliwa wa Uingereza, katika karne ya 19. Sijui alikuwa mtu wa namna gani, ila nina hakika alikuwa na majirani waliomuudhi.

Halafu ipo E. Mchezaji akiangusha mpira ambao alipaswa kuudaka, kuna ofisa kabisa, ameajiriwa, amekaa juu kazi yake ni kuamua kwamba lile lilikuwa kosa na mwenyewe ni fulani. Namba 6 akiuangusha, inaandikwa E6. Na haliishii kitabuni. Ubao mkubwa wa uwanja una safu tatu mwishoni kwa kila timu: alama, mipigo iliyofanikiwa, na makosa. Makosa! Yanawashwa taa mbele ya uwanja mzima. Niliwaza ubao wa namna hiyo ukitundikwa juu ya dirisha la ofisi yoyote ya serikali, kaunta kwa kaunta, nikapata kizunguzungu cha furaha. Nilimwambia shemeji kwamba watu wenye mchezo huu hawawezi kumsingizia mtu. Alinitazama kwa huruma ambayo sikuielewa hadi baadaye.

Hata kushindwa kwenyewe kuna mwenyewe. Timu ikifungwa, mrushaji mmoja tu ndiye anayeandikiwa L. Siku ile White Sox walimpa mpira Garrett Crochet, ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja katika ligi kuu. Alirusha zamu sita, akawatoa wapigaji wanane kwa straiki, akaruhusu alama moja. Moja tu! Wenzake wakashindwa kupata hata hiyo ya kurudishia. Detroit Tigers 1, White Sox 0. Na L ikaenda kwa Crochet.

Hiyo ni hesabu ya ligi. Mstari wetu ulikuwa na hesabu yake.

Ubao ukiwa bado unasoma 0 kwa 0, niliinuka kwenda kununua soseji. Soseji ya Chicago huwekwa ndani ya mkate na haradali, vitunguu, nyanya, achari ya kijani kinachong'aa, tango la siki na pilipili, na ukiomba tomato sosi unaulizwa umri wako. Foleni ilikuwa ndefu. Nikiwa katikati yake, nikasikia ule mguno wa maelfu ya watu wakiketi kwa pamoja. Detroit walikuwa wamepata alama yao.

Niliporudi na trei, shemeji alikuwa ananisubiri juu ya ngazi.

"Shemeji, naomba usikae kwanza."

"Kuna nini?"

"Jamaa wanasema ulipokuwa umekaa, mambo yalikuwa sawa. Umeinuka, tumefungwa. Sasa ukikaa tena utaigandisha hivyo hivyo."

"Na wewe unaamini hayo?"

"Mimi? Siamini hata kidogo." Akachukua soseji yake. "Lakini usikae."

Basi nikatazama ufunguzi wa msimu kutoka kwenye ukumbi wa nyuma, kati ya choo cha wanaume na kibanda cha kuuza kofia, kupitia mwanya ambao ulionyesha besi ya tatu na sehemu ya mgongo wa namba 7. Kila zamu ikiisha shemeji alikuja kama mjumbe wa nyumba kumi.

"Bado. Wanasema endelea kusimama."

Akaja tena. "Mzee anauliza umesimama kwa mguu gani."

"Yote miwili, shemeji. Kwani watu husimamaje?"

"Anasema jaribu mmoja."

Nilijaribu. Si kwamba naamini.

Haikusaidia, ila hapo ndipo unapoujua ufundi wa jambo lenyewe. Mechi ilipoisha 1 kwa 0, hakuna aliyesema kusimama kwangu kumeshindwa. Walisema nisingesimama tungefungwa tano. Kwetu tumezoea. Timu za Kariakoo zimewahi kuruka ukuta ili zisipite mlango wa kawaida, kwa hofu ya ndumba, na kila shabiki anajua kamati ya ufundi ni kamati gani. Lakini kamati ya ufundi angalau ina wajumbe, ina bajeti, na mambo yakiharibika inavunjwa. Hawa wenzetu uwanjani mwao wana kamera zinazopima mpira umezunguka mara ngapi kwa dakika ukiwa hewani, halafu kinga yao ni mimi, kwa mguu mmoja, karibu na choo.

Na kumbukumbu ya nuksi zao inatisha. Upande wa kaskazini wa mji huo huo wako Cubs. Mwaka 1945, wakati wa fainali, mwenye baa mmoja, Billy Sianis, alikwenda uwanjani na mbuzi wake, na mbuzi akakataliwa. Cubs hawakufika fainali tena hadi 2016, na kwa miaka yote hiyo watu wenye shahada walikuwa wanamtaja mbuzi. Ukijua hilo, hushangai kuona mtu wa Morogoro kama mimi anaweza kuharibu alasiri moja.

Hadi hapo nilikuwa nacheka. Kilichonikata kicheko ni karatasi. Tulipokuwa tunatoka, mzee aliifungua anionyeshe, kwa upole kabisa, jinsi daktari anavyoonyesha picha ya eksirei ambayo ni yeye tu anayeielewa. Visanduku safi, K zimepangwa, nyingine zimegeuka. Na pembeni kabisa, nje ya jedwali, kwa herufi ndogo nadhifu: E10.

Nikamwambia hakuna nafasi ya kumi.

"Sasa ipo," akasema, akapuliza vumbi la kifutio kwenye karatasi.

Naomba niwe mkweli hapa, kwa sababu jambo hili halinichekeshi kama ninavyojifanya. Tiketi nililipa mimi, yangu na ya shemeji. Zamu ya kazi niliipoteza mimi. Wakati Detroit wanapata ile alama, foleni ya soseji ilikuwa na watu wa kutosha kuunda timu zote mbili na waamuzi wao, na wawili walikuwa wa mstari wetu. Wote walirudi wakakaa. Aliyesimamishwa ni yule aliyekuwa anauliza maswali mengi kwa lafudhi ya mbali. Nilipomgusia shemeji ndani ya gari, alisema nisichukulie hivyo, ni utani. Utani unaonibakisha nimesimama nje ya kiti nilicholipia, mimi nauita jina lingine.

Na si mimi wa kwanza. Mwaka 2003 Cubs walikuwa wanaongoza 3 kwa 0 dhidi ya Marlins, wamebakiza kuwatoa wapigaji watano waingie fainali. Shabiki mmoja akanyoosha mkono kuudaka mpira uliokuwa unashuka karibu na viti, kama walivyonyoosha waliokaa pembeni yake. Mchezaji wa Cubs akaukosa. Muda mfupi baadaye namba 6 wao akaangusha mpira mwepesi, E6 ya wazi, na Marlins wakapata alama nane katika zamu ile ile. Aliyetolewa uwanjani chini ya ulinzi na kuishi miaka akijificha hakuwa namba 6. Mwaka 2017 klabu ilimpa pete ya ubingwa, baada ya kuupata bila yeye.

Wakati mstari wetu unachunguza miguu yangu, hakuna aliyeuliza nani alimtoa Cease. Wenye timu walikuwa wanazungumzia uwanja mpya, na fedha za umma zilizokuwa zinatajwa ni kama dola bilioni moja. Ndipo nikagundua kasoro pekee ya kitabu cha Chadwick: kina namba za watu tisa walioko juani na baridini, hakina namba ya ofisi.

Jumamosi White Sox wakafungwa tena kwa alama moja. Jumapili ya Pasaka wakafungwa ya tatu, pia kwa alama moja, timu haikufufuka. Baada ya mechi 25 walikuwa wameshinda 3. Kati ya Julai na Agosti walifungwa 21 mfululizo, na mashabiki wakawa wanaimba timu iuzwe. Walimaliza na ushindi 41 na vipigo 121, wakaipita rekodi ya Mets ya 1962, waliofungwa 120. Kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani nilitambulishwa kwa padri kama E10. Krismasi nilipewa zawadi ya kiti cha kukunja, nikitumie nyumbani. Crochet, mwenye L yake, akapelekwa Boston mwezi huo huo.

White Sox walipochukua ubingwa mwaka 2005, wa kwanza tangu 1917, mimi nilikuwa Morogoro nimekaa kitako. Hilo hakuna aliyeliandika.

Sasa ile 8 kwa 1 ya Alhamisi imewapa ushahidi wa kudumu, na shemeji ameshaanza kuuliza kama nitakuwa na nafasi ya kutokwenda tena mwakani. Ila Jumamosi iliyofuata, tarehe 29 Machi, walicheza mechi ya pili na Angels hao hao. Walifungwa 1 kwa 0. Mimi nilikuwa kazini, simu kwenye kabati, mechi yenyewe sikujua inaanza saa ngapi. Nimeandika kwenye kundi letu la WhatsApp nikiomba, kwa heshima zote, mzee afungue kitabu chake aniambie hiyo moja ni ya nani. Wote wamesoma. Hajajibu hata mmoja.