Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Bure

Mkolani, Mwanza.
Kumb. Na. MIMBA/WIKI/36

Mheshimiwa Bure,
Mkuu wa Huduma za Mama na Mtoto,
Ukutani, juu kidogo ya dirisha la dawa,
Kituo cha afya (jina lake tunalijua sote wawili).

YAH: ORODHA YA VIFAA VYA KUJIFUNGULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama kijacho, mimba ya wiki 36, fundi cherehani, mkazi wa Mkolani, nyumba za juu kule kwenye mawe ambako bodaboda hupanda kwa gia ya kwanza na kushuka kwa maombi. Wewe na mimi tunafahamiana kwa sura. Kila nikija kliniki nakaa kwenye benchi linalokutazama, na kwa kuwa foleni yetu haina haraka, nimekusoma mpaka nimekukariri: huduma kwa mama wajawazito na watoto chini ya miaka mitano ni BURE. Umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, na aliyekuchora hakukosea hata nukta. Kasoro yako ni moja tu, nayo ni ndogo: hutoki ukutani.

Historia yako naiheshimu. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, wewe ulibakizwa kwa ajili yetu sisi wenye matumbo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ikakuthibitisha kazini. Mtu mwenye utumishi mrefu namna hiyo hasemeshwi ovyo, ndiyo maana nimekuandikia kwa kumbukumbu namba.

Kilichonifanya nishike kalamu ni karatasi niliyopewa na nesi hudhurio lililopita. Nilidhani ni majibu ya vipimo. Kumbe ni orodha. Nakunakilia hapa, maana nakala yake imebandikwa kwenye mlango ulio upande wako wa nyuma na huwezi kuiona: glovu pea sita, pamba bunda kubwa, nyembe mbili, vibanio vya kitovu viwili, mpira wa kutandika mita mbili, mabomba ya sindano matano, dawa ya kuzuia damu, jiki chupa moja, beseni, ndoo yenye mfuniko, sabuni, vitenge sita, nguo za mtoto, kofia, soksi na shali, chupa ya chai. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa mkono: "na tochi".

Tochi ndiyo iliyonigusa. Hayo mengine yamepigwa chapa, yana sura ya mpango. Tochi imeongezwa na mtu aliyewahi kukaa gizani na mwenzake anasukuma mtoto.

Sasa, Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kushona, na katika ushonaji kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mteja wangu anaijua: kitambaa cha mteja, sindano ya fundi. Mteja analeta kitenge chake, vifungo akipenda, lesi kama ana harusi. Mkasi, cherehani, pasi na mkaa wake, hayo ni juu yangu. Siku nitakayomwambia mteja aje na sindano, mafuta ya cherehani na mtu wa kunimulikia tochi, halafu nimtangazie kuwa kushona kwangu ni bure, atacheka kwa adabu, na kesho yake kitambaa chake kitakuwa kimeshapanda daladala ya Buhongwa kutafuta fundi mwingine.

Kwa kipimo hicho nimeikata orodha vipande viwili.

Kipande cha kwanza ni changu, na sikilalamikii hata kidogo. Vitenge vipo. Soksi na kofia zipo. Vigauni nimeshona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki vya wateja, kwa hiyo mwanangu atavaa nusu ya mtaa kabla hajamjua mtu yeyote. Mama mkwe ameshaleta unga wa uji na kuukabidhi kwa maelekezo ambayo hata jeshini wangeyapunguza. Chupa ya chai naazima kwa jirani. Haya ni maandalizi ya mgeni, na mgeni tunampenda.

Kipande cha pili ni sindano ya fundi. Glovu anavaa mkunga. Bomba la sindano anashika mkunga. Jiki ni ya kusafishia chumba ambacho mimi nitakaa siku moja na wewe unakaa miaka yote. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni yuko njiani, na mwenyeji ananiagiza mimi nimletee glovu za kumpokelea.

Nisikufiche, kuna mambo kwenye orodha hayakufafanuliwa. Nilipopigwa altrasaundi nikaambiwa mtoto ni mmoja, nilishusha pumzi. Si kwamba sipendi Kulwa na Doto. Ni heshima kubwa kwetu. Ila orodha haisemi kama kwa mapacha glovu zinazidishwa mara mbili, au Doto anatumia za kaka yake.

Halafu kuna ile dawa ya kuzuia damu. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi duniani, kwa hiyo nilienda duka la dawa mbio, kadiri wiki 36 zinavyoruhusu mbio. Muuzaji akaitoa kwenye friji, akanifungia pamoja na maneno: ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isipate joto, isigande. Mheshimiwa, mimi begi langu la uzazi liko uvunguni, uvungu uko chini ya bati, na bati liko chini ya jua la Mkolani. Friji ninayoijua ni ya jirani muuza soda. Hivi ninavyokuandikia, dawa itakayookoa maisha yangu imelala kati ya soda ya machungwa na lambalamba za watoto, na kila jirani akikatiwa umeme, roho yangu nayo inakatika. Ukisikia usiku mtu anagonga duka la soda huku analia, si kiu.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye hudhurio la kwanza. Kliniki mnataka tuje na wenza wetu, tupimwe wote, na jambo hilo ni jema. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa ndipo wavuvi wanarudi nyumbani kulala. Nilipoeleza kuwa mwenza wangu atapatikana mwezi ukiwa mpevu, nikaambiwa basi nilete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Nikaenda. Mwenyekiti akalitazama tumbo, ambalo wakati ule lilikuwa bado halijasema lolote, akagonga muhuri. Hivyo ndivyo mwanangu alivyotambuliwa na serikali ya mtaa kabla hajatambuliwa na bibi yake.

Nakueleza habari za giza na mbalamwezi kwa sababu nimepiga hesabu. Tarehe yangu inaangukia gizani. Usiku huo mume wangu atakuwa ziwani anatafuta dagaa wa kulipia orodha, na mimi nitakuwa leba natafuta mtu wa kukimbilia duka la dawa kununua kilichopungua kwenye orodha. Kadi yangu ya kliniki inaniuliza nani atanisindikiza, nani atachangia damu, usafiri ni upi. Maswali mazuri kabisa. Hakuna sehemu inayouliza wewe utakuwa wapi.

Nisije nikaonekana mtovu wa shukrani. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulihesabu vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukahesabu 104. Wanaojifungulia vituoni walitoka asilimia 63 wakafika 81. Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akatunukiwa tuzo na Gates Foundation kwa ajili ya kazi hiyo. Nilipoona picha za tuzo nilifurahi kwa dhati, kwa sababu kwenye ile asilimia 81 kuna wanawake wa Mkolani walioshuka mawe usiku na beseni kichwani. Tuliitwa, tukaja. Tulikuja na mabeseni yetu.

Tena una ndugu yako mmoja ninayemheshimu sana, anaitwa 115. Huyo ni namba ya dharura ya m-mama. Unapiga bila kulipa, gari linakuja, kama si la wagonjwa basi la dereva wa jamii, na dereva analipwa na mfumo, si na mimi. Alianza majaribio huku huku kwetu Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Sengerema, ile Sengerema ya ng'ambo ya ghuba ambako tulikuwa tunasubiri kivuko na uchungu, hadi Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Umeona, Mheshimiwa? Ndugu yako ana neno lile lile ulilo nalo, lakini yeye anatoka ukutani, anapanda gari, anavuka ziwa na kunifuata mpaka chini ya mawe. Nakosa tu jibu la swali dogo: gari la bure likinifikisha mlangoni bure, kwa nini ndani niulizwe glovu ziko wapi?

Usije ukamlaumu nesi. Nesi wetu usiku yuko peke yake na matumbo matatu. Yeye hakuibuni orodha. Amechoka kuomba visivyokuwepo, akaona heri atuombe sisi. Mkunga asiye na glovu anachagua kati ya afya yake na mtoto wangu, na huo si uchaguzi wa kumpa mtu saa nane za usiku.

Nitakwambia orodha yako inafanya kazi gani huku mtaani, maana sidhani kama umewahi kuambiwa. Mwaka juzi jirani yangu alishikwa na uchungu jioni. Kituo kilikuwa karibu. Hakwenda, akakaa. Hakuwa mzembe wala hakuwa mjinga. Alikuwa anasubiri kaka yake atume hela ya mpira na glovu, kwa sababu mzazi aliyemtangulia alifika mikono mitupu na akasemwa mbele za watu. Hela ilifika saa sita za usiku, mtoto alifika saa tano. Alizaliwa barazani, kwa mikono ya bibi mmoja na wembe wa dukani, mvua ikinyesha. Mungu mkubwa, wote wazima. Kwa mila yetu Wasukuma mtoto huweza kuchukua jina la kilichotokea siku aliyozaliwa, naye akaitwa Mabula, wa mvua.

Wataalamu wanapotufundisha kliniki wanasema uchungu ukianza usichelewe. Waambie, Mheshimiwa, kwamba mwanamke anayechelewa mara nyingi hakai bure. Anakusanya.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, yote mepesi kwa mtu wa cheo chako.

Kwanza, orodha iwe mbili. Moja ya mteja: vitenge, nguo za mtoto, uji. Nyingine ya fundi: glovu, nyembe, sindano, dawa, jiki na mwanga. Ya pili uitie sahihi wewe, na dawa ya baridi ikae kwenye friji yako, uipumzishe ya muuza soda.

Pili, kila mwezi kamati ya kituo ibandike hapo ulipo karatasi inayosema vifaa vimekuja vingapi na vimebaki vingapi. Mwenyekiti wetu wa mtaa anatusomea mapato na matumizi mpaka ya ufagio. Glovu haziwezi kuwa siri kubwa kuliko ufagio.

Tatu, vikiisha, uandike vimeisha. Tutaelewa. Sisi ni watu wa ziwa, tunajua kuna siku nyavu zinarudi tupu, na mvuvi anayesema leo sijapata hatumwiti mwongo. Tunayemwita mwongo ni yule anayetangaza samaki wa bure halafu anatutuma tukavue.

Ukishindwa yote matatu, basi shuka ukutani kwa heshima. Nitakushonea pazia zuri la kitenge likufunike, vipimo vyako ninavyo. Uzi na sindano nitaweka mwenyewe.

Zimebaki kama wiki nne. Begi liko uvunguni, tochi ina betri mpya, jirani ameahidi kutofunga duka mapema. Jina la mtoto bado hatujachagua. Tunangoja tuone siku hiyo kutatokea nini. Nakusihi, Mheshimiwa, usinilazimishe kumwita Risiti.

Wako mtiifu,

Mama Kijacho,
Fundi Cherehani, Mkolani.

Nakala kwa:
Wizara ya Afya, Dodoma – kwa taarifa.
TAMISEMI – kwa utekelezaji.
Mwenyekiti wa Mtaa – ahsante kwa muhuri.
Mama mkwe – uji tumeupokea.