Profesa na Herufi S

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu la pili la kitabu chake kuhusu kuprogramu kompyuta. Wachapaji walikuwa wameacha herufi za risasi na kuhamia kwenye mitambo ya kupiga herufi picha, na kurasa zikamchefua. Mwandishi mwingine angenung'unika, kisha akatia saini. Yeye aliweka kitabu kando ili aunde programu ya kukipanga, TeX, kibarua alichodhani angekimaliza mwaka uliofuata.

Wapi!

Ilibidi achore na herufi zenyewe kwa hesabu, na S ikamgomea. Inasimuliwa kwamba Jill, mkewe, alichungulia akamuuliza kwa nini asiipe tu umbo la S. Swali la mwenye akili timamu. Bwana mkubwa akajibu kwa namna ya wasomi: mwaka 1980 alichapisha makala nzima kuhusu herufi hiyo moja.

Juzuu lilipotoka, 1981, alilitazama, asiridhike, akarudi kuchora. Wasomaji waliokwisha kununua juzuu la tatu mwaka 1973 walilipata la 4A, likiwa limejalidiwa, mwaka 2011. Limepangwa vizuri mno.