Daftari la Dula

Arobaini ya mjomba iliangukia tarehe 29 Septemba, na tiketi zetu za kuhamia Vancouver zilikuwa za kufika siku hiyohiyo. Mama mkwe hakupandisha sauti. Alikaa barazani akichambua mchele, akasema, "Wanangu, arobaini haisogezwi. Ndege ndiyo husogezwa." Mume wangu, Baba Abdallah, akaenda kulipa faini ya kubadilisha tiketi, tukapangiwa kufika tarehe 2 Oktoba.

Siku tatu tu. Lakini zilitugharimu mwezi mzima.

Jimbo la British Columbia halimpi mhamiaji bima ya serikali siku anayotua. Husubiri siku zilizobaki za mwezi aliofika, kisha miezi 2 kamili. Tungefika Septemba, bima yetu ingeanza 1 Desemba. Tulipohamishia safari Oktoba, ikawa 1 Januari.

Nyumbani hakuna aliyetaka kusikia hesabu hiyo. Shemeji yangu anaishi Toronto, naye alishasema kwa simu kwamba huko hakuna kusubiri. Hakusema uongo: Ontario iliondoa muda wake wa kusubiri wa miezi 3 mwezi Machi 2020. Ila Canada kila jimbo lina mpango wake wa afya, na sisi hatukuwa tunakwenda Ontario. Usiku kucha mimi na mume wangu tulivutana, yeye akisema kaka yake hawezi kumpotosha, mimi nikimsomea masharti kwenye simu. Asubuhi akanyamaza, akatoka, akarudi na mtu wa kununua friji.

Hela ya friji ndiyo iliyolipia bima ya wageni ya miezi 3 kwa watu wanne. Nilishikilia inunuliwe kabla hatujapanda ndege, kwa sababu nyingi za bima hizo, ukizinunua ukiwa umeshafika, haziugharamii ugonjwa unaoanza siku mbili tatu za mwanzo. Na karibu zote hukataa ugonjwa uliokuwepo kabla bima haijaanza. Sharti hilo nililisoma, nikalipita. Watoto wangu walikuwa wazima.

Siku mbili kabla ya safari Abdallah alikohoa. Mama mkwe akamshika mkono hadi zahanati, hakumuuliza mtu. Mimi nilikuwa nafunga mizigo, nikaona anatupotezea muda. Mtoto alipimwa joto, likawa la kawaida. Akapimwa na malaria, haikuonekana. Akapewa dawa ya kifua, akarudi kucheza.

Siku ya nane Vancouver, usiku, mtoto aliwaka moto. Meno yanagongana. Mama wa Tanga haambiwi homa ile ni ya nini. Hospitali walianza kuzungumzia mafua, maana ndio msimu wake. Nikawaambia, tafadhali, mpimeni malaria, tumetoka Tanzania wiki iliyopita. Wakampima, wakaiona. Vimelea vya malaria ile kali huweza kukaa mwilini siku 7 hadi 14, na hata zaidi, kabla homa haijajitokeza, ndiyo maana kipimo cha nyumbani hakikuona kitu. Alilazwa siku mbili, akapona. Waliomhudumia nawaombea heri mpaka leo.

Ikaja ankara ya maelfu ya dola. Na baada yake barua ya bima: thibitisheni kwamba mtoto hakuwa mgonjwa kabla ya tarehe 2 Oktoba.

Ushahidi ulikuwa kwenye daftari la zahanati, na daftari lilikuwa Tanga. Nikampigia mama mkwe. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Lile daftari ninaandikia upatu." Kurasa zilizobaki ameziona nyeupe, akaandika majina ya wanawake kumi na mbili na zamu zao. Lakini hakuwa amechana hata karatasi moja. Mpwa wetu akapiga picha: tarehe, joto 36.8, kipimo cha malaria hasi, muhuri. Na jina juu ya jalada: Dula.

Pasipoti inasema Abdallah. Bima inasema Abdallah. Wakauliza, Dula ni nani?

Mama mkwe, mwenye miguu inayomvimba, alirudi zahanati mara tatu. Mara ya kwanza mganga mfawidhi alikuwa semina. Mara ya pili umeme haukuwepo wa kuchapishia. Mara ya tatu akakaa mlangoni na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake mkononi hadi barua ikaandikwa, kwamba Dula wa daftari ndiye Abdallah wa pasipoti. Tulilipiwa mwezi Februari. Nilipompigia kumwambia, nililia, nikamwomba radhi kwa siku ile niliyomwona anatupotezea muda. Akaniuliza mtoto anakula.

Mnaohama na watoto, bebeni daftari la zahanati kwenye mkoba mmoja na pasipoti. Na siku mnayolifungua, mwambieni karani aandike jina kamili, lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, si lile mnalomwitia uani.