Sifa za CIT 0001

Malenga wamesifu jahazi, karafuu, hata kanga iliyopauka. Fomu ya serikali bado haijapata wa kuiimbia. Basi deni hilo lianze kulipwa kwa CIT 0001, ambayo mzazi raia wa Kanada huijaza anapopata mtoto nje ya nchi hiyo, iwe Mombasa, Muscat au Bujumbura.

Kwanza, ni fomu yenye unyenyekevu. Watu husema wanamwombea mtoto uraia. Yenyewe haidai makuu hayo. Mtoto ambaye mzazi wake alizaliwa Kanada, au alikwisha kupewa uraia huko kabla yeye hajazaliwa, ni raia tangu alipotoka tumboni. Kinachoombwa ni cheti tu cha kuthibitisha jambo lililokwisha kuwa. Dola 75 za Kanada na miezi ya kusubiri, ili mtu aambiwe kwamba tangu mwanzo hakukosea! Somo la subira kwa bei hiyo halipatikani pengine.

Tena inapenda ukoo. Huanza na baba na mama, kisha ikapanda kwa mababu na mabibi: nani alizaliwa wapi, lini. Familia iliyokuwa ikikutana misibani tu hupigiana simu usiku wa manane, shangazi akaamshwa, kasha la vyeti likaburutwa kutoka uvunguni. Na cheti kikiwa cha Kiswahili, sharti kitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na ndugu haruhusiwi kutafsiri. Mjomba aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini haaminiki na maneno “tarehe ya kuzaliwa”. Fomu inamhurumia, mzee apumzike.

Lakini utukufu wake wote umo kwenye picha. Zinatakiwa mbili, upana milimita 50, urefu 70. Uso wenyewe, kuanzia kidevuni hadi utosini, uwe kati ya milimita 31 na 36. Macho wazi, mdomo umefungwa, tabasamu marufuku, na mkono wa mtu usionekane. Wa kupigwa picha ni kichanga cha wiki sita ambaye shingo yake bado haijakaza. Hapo ndipo studio ya mtaani hugeuka uwanja wa mashujaa: shuka jeupe limetandikwa sakafuni, mtoto kalazwa chali, mpiga picha kapanda stuli anainama kama mchuma nazi, shangazi anatikisa kayamba pembeni. Mtoto akifumbua macho, mdomo nao wazi. Akiufunga mdomo, kalala. Ikipatikana ya kufaa, nyuma yake huandikwa jina na anwani ya studio pamoja na tarehe, na fundi ambaye jina lake halijavuka kibao cha mlangoni pake anasafiri hadi Sydney. Si Sydney ya Australia. Ni ile ya Nova Scotia, kwenye kituo kinachoshughulikia maombi hayo.

Wakosoaji husema sheria iliyo nyuma ya fomu hii haitulii. Kweli haitulii, na ndiyo raha yake. Chini ya sheria ya mwaka 1947, mtoto wa ndoa aliyezaliwa nje alifuata uraia wa baba. Hata baada ya sheria mpya ya 1977, Mark Benner, aliyezaliwa Marekani mwaka 1962 kwa mama Mkanada, alitakiwa achunguzwe na kula kiapo, mambo ambayo asingetakiwa kama Mkanada angekuwa baba yake. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa ubaguzi huo mwaka 1997. Mwaka 2009 ukaja ukomo mwingine: aliyezaliwa nje hawezi kumrithisha uraia mtoto naye aliyezaliwa nje. Desemba 2023 mahakama moja ya Ontario ikasema ukomo huo unavunja katiba, na tangu tarehe 15 Desemba 2025 iko sheria mpya. Sasa mzazi wa namna hiyo anayepata mtoto nje lazima aonyeshe kwamba aliwahi kukaa Kanada siku 1,095 kabla ya mtoto kuzaliwa. Si lazima zifuatane, ila zihesabike. Kwa hiyo yule bwana aliyetunza risiti za kodi ya nyumba na ripoti za shule kwenye mfuko wa rambo ameibuka mwenye hekima, na mke aliyekuwa akimwita mlimbikiza takataka amenyamaza.

Suala la uraia pacha fomu haligusi. Kenya iliuruhusu kwa katiba ya 2010, Tanzania bado humtaka aliyefikisha miaka 18 achague mmoja. Hayo ni ya kwenu, mkayamalize wenyewe.

Kisha cheti kinafika. Jina limo, tarehe ya kuzaliwa imo. Picha haimo. Tangu Februari 2012, kadi ndogo ya zamani iliyokuwa na sura ya mwenyewe ilipoachwa, cheti cha uraia wa Kanada hakiwekwi picha. Kile kidevu kilichopimwa kwa rula, na macho yale yaliyoviziwa asubuhi nzima, vimebaki kwenye faili huko.

Pasipoti inataka picha mpya. Shangazi anatafuta kayamba, mama anakunja lile shuka, wanarudi studio. Mtoto ameshaota meno mawili, na safari hii amejua kucheka.