Washauri wa Kamera Hawana Bajeti

Ukitaka kuuona ukarimu wa Watanzania, tangaza kwamba unatafuta kamera. Fedha hawatakuchangia hata senti, lakini ushauri watakumwagia mpaka ukose pa kuuweka. Mimi nilitamka barazani, tena kwa sauti ya chini, kwamba nina laki nane na nataka kamera ya kujifunzia. Tangu hapo sijanywa kahawa kwa amani.

Jirani yangu ndiye aliyefungua mashambulizi. "Kamera ya nini, mzee mwenzangu, wakati simu zipo?" Akaigeuza simu yake nihesabu macho yaliyopangwa mgongoni. Kwa picha za mchana kweupe sibishani naye, simu inazitoa safi. Lakini ni huyuhuyu aliyetuonyesha picha za harusi alizopiga ukumbini usiku, kutoka meza ya nyuma kabisa. Bibi harusi ni doa jeupe. Bwana harusi tunamtambua kwa kuwa amesimama karibu na doa. Aliyetoka vizuri ni mhudumu mmoja aliyekatiza mbele na kreti la soda.

Akafuata kijana wa mtaani kwetu anayepiga picha za harusi. Huyu ana mamlaka, maana anavaa kizibao chenye mifuko mingi hata siku asiyokuwa na kazi. "Mzee wangu, usipoteze hela kwenye vikamera vya wanafunzi. Nenda fulifremu moja kwa moja." Akanifafanulia, na alisema kweli: kihisio, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu, kwenye fulifremu kina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya zamani ya 35mm. Kwenye kamera za bei ya chini, zile zinazoitwa APS-C, kina takriban 24 kwa 16, na eneo lake halifiki hata nusu ya kile kikubwa. Kikubwa hukusanya mwanga zaidi, kwa hiyo picha za usiku hazijai chenga.

Nikauliza bei. Akataja mamilioni kwa utulivu wa mtu anayetumia hela ya mwenzake, na hiyo ni bodi tupu. Je, lenzi? "Lenzi utajipanga, mzee." Nitajipanga! Nchi hii ina watu wangapi walioambiwa wajipange, wakajipanga, na mpaka leo bodi iko kabatini, mdomo umezibwa kwa kifuniko cha plastiki?

Nikaenda Kariakoo. Kule hawakuulizi unataka nini, wanakuuliza una ngapi. Muuzaji alipoisikia ile laki nane akaanza kunipigia hesabu za megapikseli. "Hii ina 18, ile ina 24. Bosi, wewe ni mtu wa 24." Sijui alinionaje. Picha ya ukubwa wa A4, ukitaka ichapwe kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji kama megapikseli 9 tu, na mimi sijawahi kuona mtu nyumbani kwetu amechapisha A4 isiyokuwa barua ya kuomba kazi. Picha zangu zitaishia kwenye grupu la ukoo. Huko WhatsApp itazibana mpaka zisijijue, halafu shangazi ataweka dole gumba bila hata kuzifungua.

Alipoona megapikseli hazinilegezi, akaleta ofa. Ofa ni begi, brashi ya vumbi, stendi ya miguu mitatu inayoinama ukiitazama, na vilenzi viwili vya kuskrubu mbele ya lenzi yako, kimoja cha kupanua na kingine cha kuvuta. Nikavijaribu palepale dukani. Katikati ya picha palikuwa na mtu, pembeni palikuwa na ukungu. Nikaelewa kwa nini wanavitoa bure.

Mwisho akatoa silaha yake kubwa, lenzi ya 75-300 ya Canon. "Hii bosi, simba yuko Mikumi, wewe unampiga ukiwa Chalinze." Ni ndefu, siwezi kukataa. Ila hiyo ya bei ya chini haina kitulizi cha mtikisiko. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba shata isiende polepole kuliko sekunde moja ukiigawanya kwa urefu wa lenzi. Ukiivuta hadi 300 kwenye bodi yao ya APS-C, inaona finyu kana kwamba ni 480, kwa hiyo unatakiwa ushike 1/500 au zaidi, na tundu lake likivutwa hivyo halifunguki kupita f/5.6. Lenzi inadai jua. Simba naye hutembea alfajiri na jioni, jua likiwa halipo. Hilo jua likiwaka amelala kichakani, unaonyeshwa sikio moja.

Basi nikahamia kwenye mtumba. Madalali wa kamera wana hadithi moja: "Hii ilikuwa ya mzungu mmoja, alikuwa haipigi sana." Mzungu huyo natamani nionane naye. Kwa kamera nilizoonyeshwa, ameuza kuliko viwanda vya Japani. Shata ya kamera ina umri wake. Nikon D3500, mathalani, shata yake ilijaribiwa kwa mipigo 100,000. Uzuri wa Nikon ni kwamba idadi ya mipigo huandikwa ndani ya taarifa za kila picha: unapiga moja kwenye kadi yako mwenyewe, unaenda kuisoma kwenye kompyuta, na hadithi ya mzungu inaishia hapo. Nilipoomba kufanya hivyo, dalali akapata simu ya dharura.

Kisha kuna kuvu. Washauri wa mtandaoni wengi wanaishi kwenye nchi za baridi, hawana habari na masika ya Dar es Salaam wala chumvi ya Tanga na Unguja. Pwani yetu lenzi inaota. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa upande mmoja, chungulia kwa upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi zimetambaa ndani ya kioo, irudishe kwa adabu na uage. Kuvu hupenda unyevu, giza na kutosumbuliwa, yaani begi la ngozi ndani ya kabati la nguo, mahali hasa ambapo kila mtu mwenye heshima zake huficha kamera. Kinga yake ni kontena la plastiki linalofunga kabisa na vifuko vya silika vilivyo vikavu. Ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na sijaona duka hata moja lililokiweka kwenye ofa.

Nikiwa katikati ya kuchungulia vioo vya watu, mpwa wangu wa chuo akapiga simu ya rambirambi. "Mjomba, DSLR zimekufa. Wote wamehamia kwenye mirolesi." Habari ni ya kweli. Canon na Nikon walileta mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani mwaka 2018, na nguvu zao sasa ziko huko. Lakini msiba huu mimi nimeupokea vizuri. Wenye hela wakihama, vyombo vyao vinabaki sokoni. Lenzi za Canon za EF zilianza mwaka 1987, na ya mwaka huo bado inaingia kwenye DSLR yoyote ya EOS. Kwa adapta inaingia hata kwenye hizo mpya zao. Mdomo wa F wa Nikon ni wa 1959. Bodi inachakaa, inapitwa, inadharauliwa na wapwa, lakini lenzi nzuri isiyo na kuvu inazeeka polepole. Kwa hiyo mwenye laki nane apunguze kwenye bodi aongeze kwenye lenzi, hata kama bodi yenyewe itamwaibisha mbele ya watu wenye vizibao.

Huko nako kuna mitego, na wauzaji hawakuonyeshi ilipo. Lenzi ya Canon yenye alama ya mraba mweupe, ile ya EF-S, ni ya bodi ndogo tu; ya duara jekundu inaingia kote. Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, kwa hiyo ukichukua ile 50mm f/1.8D ya bei poa, kazi ya kufokasi ni ya vidole vyako. Muuzaji mmoja nilipomuuliza mbona lenzi hii haijisogezi, alinitazama kwa huruma: "Bosi, maprofesheno wote wanazungusha kwa mkono." Mota lazima iwe ndani ya lenzi, tafuta maandishi ya AF-S. Herufi moja inatosha kukutia hasara ya laki na ushee.

Katika kelele zote hizi, jirani, kijana wa kizibao, Kariakoo nzima, madalali na chuo kikuu, hakuna aliyeniuliza nataka kupiga picha gani. Aliyeuliza ni mama watoto. Alikuwa anachambua mchele, hata macho hakuinua. "Unataka kupiga nini hasa? Na ni mchana au usiku?" Najua alichokuwa anapeleleza. Alitaka kuhakikisha kwamba kamera hii haitakuwa tiketi yangu ya kuingilia kwenye kitchen party za watu. Lakini swali ni swali. Nikajibu kwa unyoofu: watoto, ndugu, keki za kuzaliwa, sebuleni, jioni, taa moja. "Basi sasa hayo madude ya simba ya nini?" Akarudi kwenye mchele wake.

Nusu ya madude yakaanguka hapohapo. Kwa sebule ya taa moja, lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera si mbaya, ila ukiivuta hadi mwisho tundu lake ni f/5.6. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Mahali ambapo ya kwanza inataka sekunde 1/10, na mtoto anayekata keki anatoka na mikono sita, hii ya pili inapiga kwa 1/100 na mikono inabaki miwili. Tena inakupa ile blari ya nyuma ambayo vijana wanaililia, na ambayo kwetu ina faida ya ziada: inafuta nguo zilizoanikwa dirishani.

Kijana wa kizibao alisisitiza 50mm, kwa kuwa ndiyo ya bei nafuu kuliko zote na kila mtu anayo. Kwenye bodi ya Canon iliyo ndogo, 50 inaona finyu kana kwamba ni 80. Kwenye ya Nikon, 75. Ni nzuri kwa uso wa mtu mmoja. Lakini mimi nina ukoo. Ili watu sita waingie kwenye picha ningerudi nyuma, nivuke mlango, nipite jikoni, nipigie uani kwa mpangaji mwenzangu. Nikachukua Nikon ndogo ya mtumba yenye 18-55 yake, na 35mm f/1.8 ya AF-S, ambayo kwenye bodi hiyo inaona karibu na upana wa ile 50 ya fulifremu inayosifiwa na watu wa zamani. Mipigo niliisoma. Tochi nilimulika. Anga nililipiga kwa f/16 kuona madoa ya vumbi kwenye kihisio. Dalali alisema hajawahi kuona mteja mwenye roho mbaya kiasi hiki.

Msidhani laki nane iliishia hapo. Kadi ya memori nayo inataka macho, maana ziko zilizoandikwa GB 128 wakati uwezo wake halisi ni mdogo mno. Zinapokea picha kwa bashasha, ukienda kuzitafuta hazipo. Ipime kwa programu kabla ya kuiamini na ubatizo wa mtu. Betri ya pili ni lazima, kwa sababu TANESCO na keki ya kuzaliwa hawana makubaliano.

Gharama ambayo hakuna mshauri aliyeitaja ni ndugu. Tangu kamera iingie nyumbani, kadi za harusi zinaniletea heshima nisiyoizoea: hazitaji mchango. Nilifurahi mpaka nilipopigiwa simu na baba mdogo. "Wewe mwanangu hatukudai kitu, njoo tu na hiyo kamera yako." Ukumbini wageni wanaketi, mimi nimechuchumaa. Wageni wanakula, mimi naambiwa nipige meza ya wazee kwanza. Nikifika kwenye sufuria nakuta mpishi anasugua ukoko. Na kabla sijavua viatu nyumbani, grupu limeshawaka: "Mpiga picha, vipi?"

Kwa hiyo natangaza masharti yangu mapema, wasije wakasema hawakujua. Sahani yangu ya pilau itoke kabla maharusi hawajaingia, na nyama zihesabike. Watu wasimame penye taa, si chini ya pazia la zambarau. Na anayetaka picha zote, zikiwemo alizofumba macho, tena usiku uleule, aninunulie bando.